Mwenye Wimbo

Jina la maksai wa mjomba wangu silitaji hapa. Nimelitaja vya kutosha. Nililitaja mara kumi na sita katika wimbo wa dakika tatu, na tangu siku hiyo limetajwa na waendesha boda boda, na maharusi, na dalali mmoja wa mnada wa mbuzi ambaye alilifanya mwito wa kuitia wanunuzi. Mdomo wangu umefika kikomo chake.

Kwa asiyetujua: mwanamume wa Kiturkana wa kule malishoni huchagua dume mmoja katika ng'ombe wake, akamhasi, akamfunga kengele shingoni, akampinda pembe zikue anavyotaka yeye, kisha akamtungia wimbo. Kuanzia hapo jina la yule maksai linakuwa jina la mtu. Huitwi tena ulivyoitwa utotoni, unaitwa Baba wa Fulani, na huyo fulani ana kwato. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliitwa hivyo na kila mtu: mkewe, majirani, watu aliogombana nao kisimani, na sisi wapwa zake. Jina la ubatizo alikuwa nalo, moja la wale mitume, lakini lilikaa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa kwenye kikopo cha tumbaku.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisifu madoa, pembe, mgongo ulionona, na namna yule mnyama alivyopanda kutoka mtoni. Mwishoni sauti ya mjomba ilipanda juu ikabaki huko huko, haikushuka. Alinyamaza, mkono hewani, akasubiri. Mara nyingi kengele ililia. Siku nyingine maksai alikuwa anakula, hana habari, na mjomba alisubiri vilevile.

Mimi nimelelewa Kanamkemer, pale Lodwar, na kwa mjomba, mbele ya Katilu, nilikwenda likizo tu. Kiturkana changu ni cha likizo. Nilipokuwa na miaka minane hivi nilidhani mjomba anasahau mwisho wa wimbo wake, nikaona nimsaidie. Aliponyamaza, nikaumalizia kwa sauti ya shule ya Jumapili, nikaushusha vizuri mpaka chini. Hakunipiga. Alisema tu, "Hapo si pako. Mwache ajibu." Kwa hiyo nisije nikajitetea kwamba sikujua. Nilijua nikiwa na miaka minane, nikaja kusahau nikiwa na ndevu.

Nilipomaliza sekondari nilimrekodi kwa simu. Alifurahi, akauimba mara mbili. Halafu kikaja kile kiangazi kirefu na maksai akafa. Mjomba aliifungua kengele mwenyewe, akaitundika ndani ya nyumba, na hakuimba tena. Hakuna aliyemwomba. Mimi nilibaki na sauti yake kwenye simu, nikaihamisha kutoka simu moja hadi nyingine kila nilipobadilisha.

Kazi yangu ni vyombo. Nina vipaza sauti, kinanda, jenereta na pikapu kuukuu, na ninapeleka sauti kwenye harusi, krusedi na mikutano ya maafisa. Jumapili napiga kinanda kanisani. Lakini nia yangu tangu ujana ni kutunga, na nyimbo zangu zilikuwa zinafanana na za kila mtu. Kodi nne, na simaanishi za serikali, ni zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zikizunguka vilevile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiitikio kabla msikilizaji hajakohoa. Ndivyo pop inavyotaka, na mimi nilikuwa mtumishi wake mwaminifu ambaye hata mshahara haujui.

Harusi moja ilinipeleka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, katika kanisa la Wakongo. Pale nilimkuta mzee mmoja na gita. Alikuwa amepiga jazz miaka mingi katika hoteli moja ya Bukavu, kwa wageni waliokuwa wanakula bila kumwangalia. Wimbo wa kwaya ulikuwa ule ule ninaoupiga mimi kila Jumapili, lakini chini yake mzee aliweka noti moja ya ziada hapa, akaondoa moja pale, na wimbo ukawa na chumba cha pili ambacho sikuwahi kuingia. Akina mama wa kwaya walikuwa wanalalamika.

"Papa, unatupotezea sauti," mmoja alimwambia.

"Haipotei, mama. Iko inatembea tu," alisema.

Nilimwomba anifundishe. Kila Jumamosi ambayo sikuwa na harusi nilipakia kinanda nikaenda Kakuma, na yeye akanikalisha kwenye benchi nje ya kanisa na kunivumilia. Kosa langu alilipata siku ya kwanza. Kila kipande nilikimbia kukirudisha kwenye kodi ya nyumbani, ile ambayo sikio linatulia likiisikia.

"Weye unarudia nyumbani mbio sana," alisema. "Kwani kule inje kuko nini?"

Nikamwambia watu wa Lodwar wanapenda wimbo unaorudi nyumbani. Akasema hata yeye anapenda kurudi nyumbani, lakini yuko kambini mwaka wa ngapi huu, na bado anapiga gita. Sikujua kama nicheke.

Tulikubaliana tutunge wimbo mmoja pamoja: mdundo wangu wa pop, kodi zake za jazz. Tulikosa sauti ya kuanzia. Kila nilicholeta alikisikiliza kwa adabu, kisha akaanza kusafisha miwani. Jumamosi ya tatu nikatoa simu nikamwekea mjomba.

Alisikiliza mara tatu. Mara ya pili aliniambia nizime jenereta. Baada ya ile ya tatu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya.

"Wimbo hii iko na mwenyewe?"

"Ni ya zamani, Papa," nikasema. "Haina mwenyewe."

Mjomba wangu wakati huo alikuwa mzima, safari ya siku moja kutoka pale tulipokaa, pengine amekaa kivulini anatafuna tumbaku. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua neno litakalofuata kama ningesema kweli. Angesema, nenda kamwombe. Na nikienda kuomba, mjomba angekataa. Nilijua atakataa. Ndiyo maana sikuomba. Sijapata maelezo mengine, na nimeyatafuta sana.

Mzee aliniangalia. "Kila wimbo iko na mwenyewe," alisema. "Kama alikufa, iko na batoto yake." Nikajifanya natafuta waya wa kinanda.

Tukafanya kazi. Nakiri kwamba Jumamosi zile zilikuwa tamu, na hilo nalo linaniumiza. Sauti ya mjomba ilianza peke yake, kisha gita likaingia chini yake polepole, kodi zenye noti nne, tano, kila moja ikiegemea inayofuata bila kufika. Mdundo wangu uliingia baadaye na kwa mara ya kwanza haukuwa na haraka. Tulipofika mwisho, pale sauti inapopanda na kubaki, mzee aliweka kodi moja ambayo haikukaa chini wala haikuanguka, akalishika gita kwa kiganja ili linyamaze.

"Hapa tunyamaze," alisema. "Hesabu ine. Kuko mutu anangojewa hapa."

Alikuwa hajaambiwa habari ya kengele. Hakujua kama kuna maksai. Alipasikia tu kwa masikio yake. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga.

Kisha nikarudi Lodwar na wimbo kwenye kompyuta, na huko hakukuwa na mzee wa kunizuia. Sauti ya mjomba niliiacha mwanzoni na mwishoni; katikati niliimba mimi, maneno ya Kiturkana nimeyageuza Kiswahili ili watu wengi waelewe, na kwa kuwa pop ni mapenzi, maksai nikamfanya msichana. Madoa yakawa urembo. Pembe zilizopindwa zikawa nywele zilizosukwa. Ile hatua ya kupanda kutoka mtoni niliiacha kama ilivyo, maana hata msichana hupanda kutoka mtoni. Jina la maksai nikalifanya jina la mpenzi, nikaliweka kwenye kiitikio mara nne, na kiitikio kikarudi mara nne.

Likabaki lile pengo. Nilimpelekea rafiki yangu mmoja anayetangaza redioni. Alisikiliza akitikisa kichwa, akafika mwisho, akavua spika za masikioni.

"Buda, ngoma iko fiti," alisema. "Lakini hapa kwa kimya watu watadhani redio imezima. Weka kitu."

Nikaweka kitu. Niliwakusanya vijana sita wa kwaya, nikawarekodi wakipiga kelele "Hey!" kwa pamoja, nikawapachika katika lile pengo. Baada yao nikaishusha kodi ya mzee mpaka nyumbani. Kisha nikalihamisha lile jina na ile "Hey!" mpaka kwenye kiitikio pia, jina likiitwa watu wanaitikia. Gita la mzee lililobaki lilikuwa kidogo tu, la kuonja. Niliona nimefanya kazi ya fundi.

Wimbo ulishika. Kwa wiki kadhaa ulitoka kwenye kila duka la simu pale mjini, hata wageni walioteremka ziwani Eliye kuogelea walikuwa nao. Nilialikwa harusi tatu kuuimba mwenyewe. Kwenye ya pili bibi harusi aliingia kwa huo wimbo, taratibu, shela chini, na sauti ya mjomba wangu ikamsifu kwa Kiturkana kwamba pembe zake hazina mfano na mgongo wake umenona. Wazee waliokaa nyuma walifunika midomo. Mimi nikaona wamependa, nikaongeza sauti.

Niliporudi Kakuma, mzee alikuwa ameshausikia kwenye simu ya mtu. Hakunikaripia.

"Ulijaza pale," alisema.

Nikamweleza habari za redio. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua.

Kisha jicho la mjomba likaanza kuuma. Alikuja Lodwar kwa lifti ya lori, akalala kwangu, na asubuhi nikampeleka zahanati kwa pikapu. Alikuwa hajausikia wimbo. Hana simu, na anakochungia hakuna mtandao. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitamweleza siku yoyote, ikifika siku nzuri. Redio ya gari niliizima kabla hajapanda. Nilizima mapema sana, kama mtu aliyejua anachofanya.

Pale mapokezi msichana wa karani alimuuliza jina, naye akatoa lile analoitwa na watu wote. Karani akaandika. Tukakaa kwenye benchi, chini ya paa la mabati, na watu wengi. Nyuma yetu kulikuwa na vijana wanne, watano, mmoja amefungwa bandeji mguuni, ajali ya pikipiki.

Muuguzi akatoka na kadi mkononi akaita. Baba wa Fulani.

"Hey!" wakaitikia nyuma.

Watu wakacheka. Muuguzi naye akacheka, akaona ni mzaha mzuri asubuhi ile, akaita tena kwa kuvuta kama kwenye wimbo. Safari hii benchi zima likaitikia. Hata mama aliyekuwa na mtoto mwenye homa aliitikia.

Mjomba alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi, jicho moja limefunikwa kwa kitambaa. Akageuka kuwatazama wale watu wote. Akainua mkono.

"Ejok," akawasalimu. "Ejok, ejok."

Alidhani wanamjua. Alidhani jina lake limefika Lodwar kabla yake, na watu wa mjini wamempokea. Niliuona uso wake ukifurahi. Ningeweza kufa pale na isiwe hasara kwa mtu.

Yule wa bandeji akanitambua. "Si huyu ndiye mwenye wimbo!" alisema. "Bro, tuimbie kidogo basi, mgonjwa apone."

Na mimi nikainua mkono. Sikuamua. Ni mazoea ya harusini, mtu akikutaja unainua mkono na kutabasamu. Niliuinua kando ya mjomba, mikono yetu miwili juu, yeye akisalimu na mimi nikikubali kuwa mwenye wimbo.

Kijana alikuwa ameshabonyeza simu. Ikatoka sauti ya mjomba kwanza, peke yake. Mwenyewe akaitambua upesi, akashusha mkono. Kisha ikaingia yangu. Alisimama akasikiliza wimbo wote, dakika tatu, muuguzi akiwa ameshikilia mlango na watu wakiimba taratibu, wengine wakinipigia makofi mimi. Ilipofika mwisho, pale sauti inapopanda, nilimwona ameinamisha kichwa kidogo upande wa simu. Alikuwa anasubiri.

"Hey!" vijana sita wa kwaya wakasema, na benchi nalo.

Mjomba akanigeukia, akaniuliza kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, "Kengele iko wapi?"

Nilisema "Mjomba," nikaishia hapo.

Hakuingia kwa muuguzi. Alirudi mpaka kwa karani, akatoa kile kikopo cha tumbaku, akachomoa kitambulisho, akakifuta kwa shuka lake na kukiweka juu ya meza. Kiswahili chake ni kidogo, lakini kilitosha.

"Hiyo jina kata," alisema. "Andika hii."

Karani akasema hakuna shida, mzee, zote ni zako. Mjomba akasema kata. Akasimama pale mpaka alipoona kalamu imepita juu ya jina, akamwambia amsomee lile jipya. Kisha akarudi kuketi na tukaanza foleni upya. Vijana walikuwa wamenyamaza, maana hata wao waliona kuna kitu, ila hawakujua ni nini. Muuguzi alipotoka akaita jina la yule mtume, hakuna aliyesimama. Akaita tena. Mjomba alikuwa anatazama ukuta. Ilibidi nimguse kiwiko nimwambie, "Mjomba, ni wewe."

Njiani kurudi nilianza kuomba msamaha. Akaniuliza kama nyasi za upande wa Katilu nimezisikia habari zake. Nikaanza tena, akazungumza juu ya mbuzi aliyevunjika mguu. Mjinga mimi nilishukuru, nikadhani amepuuza. Kesho yake alipata lori akaondoka na dawa zake.

Wimbo niliufuta kila mahali nilipokuwa nimeuweka. Ni kazi bure. Uko kwenye simu za watu, na simu ya mtu huwezi kuiingilia. Mwezi huo huo nikaenda Kakuma, nikakaa kwenye lile benchi, nikamweleza mzee yote: mjomba, maksai, kengele, na ule uongo wa mchana kweupe niliomwambia yeye usoni. Alikuwa anabadilisha waya wa gita na hakuacha.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Basi enda kwa mwenyewe. Miye si padri."

Lakini kabla sijaondoka alinirekodia mwisho ule upya, gita peke yake chini ya sauti ya mjomba, na hesabu nne za kimya, na baada ya kimya hakuweka kitu. Nikaubeba kwenye simu pamoja na tumbaku na sukari, nikashika njia ya Katilu, halafu mbele zaidi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwekea asikilize, nitamwambia huu ndio ulivyotakiwa kuwa, nitamwambia pengo limerudi.

Pale kisimani nilimkuta mama mmoja anachota maji, jirani yake wa miaka mingi. Nikamsalimu, nikamuuliza kama Baba wa Fulani yuko nyumbani au malishoni.

"Hapa hakuna mtu anaitwa hivyo siku hizi," alisema. Akanitajia yule mtume, akalitamka kwa shida kidogo. "Yeye ndiye ako. Amekataza hiyo ingine. Hata bibi yake akiita, haitikii."

Nilimkuta amekaa kivulini kwenye kigoda chake, jicho limepona. Kengele ilikuwa bado imetundikwa mle ndani, niliiona kupitia mlango. Nikasimama mbele yake na sukari mkononi, yale maneno niliyoyapanga yote yamenikimbia.

"Mjomba, ejok," nikasema.

Aliniangalia kwa macho yote mawili. Hakuwa na hasira, ningetamani angekuwa nayo. Alinijibu vizuri, kama mtu anavyomjibu mtu mzima mwenzake, na kila mtu mzima huitwa kwa kile alicho nacho. Neno lenyewe alilisema kwa Kiswahili, kwa kuwa alilipata pale foleni.

"Ejok, mwenye wimbo," alisema, akanisogezea kigoda kingine nikae.

Nilikaa. Simu sikuitoa mfukoni.